Upole au ukali kazini: ulegeze wapi, ukaze wapi

Waulize watu waliofanya kazi miaka mingi wakusimulie mabosi wao, na hadithi zitajigawa zenyewe. Yuko aliyekuwa mtu wa watu: alijua nani anauguza, alimruhusu mwenye shida aondoke mapema, na hakuwahi kumwambia mtu usoni kwamba kazi yake haifai. Na yuko mnoko: akiingia tu soga zinakatika, ripoti yenye kosa inarudishwa mbele za watu, na hakuna anayethubutu kuomba siku ya ziada. Wa kwanza hupendwa lakini husemwa pembeni: "Mtu mzuri, ila ofisi ilimshinda." Wa pili huogopwa, na wapo wanaomshukuru baada ya miaka: "Alinitesa, lakini kazi nilijifunza kwake."

Anayekabidhiwa timu kwa mara ya kwanza hudhani jambo la kwanza ni kuchagua afanane na nani kati ya hao wawili. Washauri wake watamwambia asimame katikati, upole kidogo na ukali kidogo. Nitazilinganisha njia hizo, lakini sitajifanya sina upande: naona swali lenyewe linaulizwa vibaya. Kumjali mtu na kumdai kazi nzuri havikai kwenye mizani moja, eti ukiongeza huku lazima upunguze kule. Kiongozi anaweza kuwa navyo vyote viwili kwa wingi, na anaweza kuvikosa vyote viwili. Bosi asiyejua shida yako na asiyesoma hata ripoti yako yupo, wala si adimu. Linalohitaji kuchaguliwa ni mahali pa kulegeza na mahali pa kukaza.

Mpole asiyedai na mkali asiyejali

| | Mpole asiyedai | Mkali asiyejali |
|---|---|---|
| Anachomwambia aliyeharibu kazi | "Usijali, tutarekebisha." | "Hivi wewe ulisomea wapi?" |
| Anayelipa gharama | Mwenzake anayeirudia kazi hiyo | Aliyekosea, kisha timu nzima inapoanza kuficha |
| Analochelewa kulijua bosi | Kwamba wachapakazi wamechoka na wanatafuta kazi kwingine | Kwamba kuna tatizo, hadi limeshakuwa kubwa |
| Hufaa lini | Siku chache mtu anapopatwa na dharura | Siku chache kazi inapopatwa na dharura |
| Hujiona kuwa na | Utu | Ufanisi |

Mstari wa gharama ndio unaosahaulika zaidi. Bosi mpole akimsamehe mtu kazi mbovu, kazi hiyo haipotei. Inakwenda kwa mwenzake mwenye bidii, anayebaki jioni kunyoosha hesabu ambazo hakuzikosea yeye. Baada ya miezi kadhaa huyo mwenye bidii anang'amua kwamba ukifanya vizuri unaongezewa kazi na ukifanya vibaya unapumzishwa. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Ofisini hata hilo halitimii, maana anayelia ni wa meza ya jirani, na bosi huja kumsikia siku anapoletewa barua ya kuacha kazi. Ndiyo maana upole wa namna hii siuiti wema. Ni kulea uzembe, na ndani yake kuna upendeleo hata kama hakuna aliyeukusudia.

Kwa mkali kinachopotea ni habari. Katika miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson alichunguza timu za wahudumu wa wagonjwa katika hospitali mbili za Marekani, akitarajia kwamba timu zinazoshirikiana vizuri zingekuwa na makosa machache ya dawa. Takwimu zikamjia kinyume: timu zilizoonekana nzuri ndizo zilizokuwa na makosa mengi yaliyoandikwa. Maelezo aliyoyafikia, na kuyachapisha mwaka 1996, ni kwamba huenda timu hizo hazikuwa zikikosea zaidi ya nyingine, zilikuwa zinasema. Penye msimamizi wa kutisha, makosa yalinyamaziwa. Mkali asiyejali anaweza kukaa mwaka mzima akisoma ripoti safi na kuamini kwamba ukali wake unafanya kazi.

Na nusu kwa nusu je?

Mwaka 1964 Robert Blake na Jane Mouton walichora jedwali maarufu la uongozi lenye vipimo viwili, kimoja cha kujali watu na kingine cha kujali uzalishaji, kila kimoja kikianzia 1 hadi 9. Katikati kabisa, kwenye 5 na 5, wakamweka kiongozi wa kuridhiana: hapati kazi bora wala hapati watu walioridhika, ila anapata vya kumtosha asilaumiwe. Waliyemtaka wao alikuwa yule wa 9 na 9.

Kwa vitendo, nusu kwa nusu huja kwa sura mbili. Ya kwanza ni mazungumzo ya sifa, kisha lawama, kisha sifa tena. Msikilizaji ama huondoka na sifa tupu, ama hujifunza kuogopa kila anaposifiwa kwa kuwa anajua kinachofuata. Sura ya pili ni hali ya hewa: Jumatatu bosi anacheka na kila mtu, Alhamisi anafoka kwa kosa lile lile alilolicheka Jumatatu. Timu isiyoweza kukisia bosi ameamkaje huacha kuisoma kazi ikaanza kumsoma yeye.

Kati ya njia tatu, hii ndiyo ninayoiona mbaya kuliko zote, ingawa ndiyo inayoshauriwa sana. Mpole unajua hatakutukana. Mkali unajua anachotaka. Wa nusu kwa nusu hujui chochote.

Kiwanda cha malori

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio walikuwa wameshaonyesha, tangu miaka ya 1940 na 1950, kwamba mwenendo wa viongozi unaweza kupimwa kwa vitu viwili vinavyojitegemea: jinsi wanavyowajali watu, na jinsi wanavyoipanga na kuidai kazi. Mwaka 1962 Edwin Fleishman na Edwin Harris walichapisha uchunguzi wa wasimamizi 57 wa kiwanda cha malori. Walitazama malalamiko rasmi ya wafanyakazi na idadi ya walioacha kazi, kisha wakavilinganisha na mwenendo wa kila msimamizi.

Wasimamizi wasiojali watu walikuwa na malalamiko mengi hata pale walipodai kazi kidogo. Wale waliojali sana waliweza kuongeza madai ya kazi bila malalamiko kupanda kwa kiasi cha maana. Soma tena hapo: kwa asiyejali, kupunguza ukali hakukumsaidia, kwa anayejali, kuongeza ukali hakukumgharimu sana. Ni kiwanda kimoja, tena uhusiano wa takwimu hautuambii kipi kilisababisha kipi, na malalamiko si kipimo cha ubora wa malori. Hata hivyo unatosha kuliondoa wazo kwamba kila unapodai zaidi lazima upendwe pungufu.

Edmondson mwenyewe baadaye alilipanga jambo hili katika hali nne, nami nitazisema kwa maneno yangu. Watu wakiwa huru kusema na viwango vikiwa juu, timu hujifunza. Uhuru bila viwango huzaa starehe. Viwango bila uhuru huzaa hofu. Vikikosekana vyote, kinachobaki ni watu wanaongoja mwisho wa mwezi.

Kwenye karatasi, basi, njia ya nne, ya kujali sana na kudai sana kwa pamoja, imeshinda. Ugumu unaanza mtu akiwa amekaa mbele yako na kazi yake iko mezani.

Kazi imeletwa, na haifai

Mpole husema, "Ahsante, umejitahidi," kisha usiku huiandika upya mwenyewe. Mkali husema, "Hii takataka gani?" Wa njia ya nne anaweza kusema hivi:

"Sehemu ya kwanza imesimama. Ya pili haijibu swali la mteja: aliuliza gharama, sisi tumempa historia ya mradi. Nakurudishia kwa sababu kiwango tunachokitaka ni cha juu, na kwa nilivyoiona kazi yako ya mwezi uliopita, unakifikia. Tuitazame tena kesho mchana. Kuna kinachokukwamisha?"

Angalia kilicholegezwa na kilichokazwa. Kiwango hakikuguswa, na kazi imerudi kwa mwenyewe. Kilicholegezwa ni muda, sauti, na mlango wa kusema kilichomkwamisha.

Maneno ya "kiwango ni cha juu na unakifikia" si mapambo. David Yeager na wenzake walichapisha mwaka 2014 majaribio yaliyofanywa kwa wanafunzi wa darasa la saba nchini Marekani. Walimu walisahihisha insha kama kawaida, kisha kila insha ikabandikwa kijikaratasi: baadhi kilisema tu kwamba maoni haya umepewa ili upate mrejesho, na baadhi kilisema umepewa kwa sababu mwalimu ana matarajio makubwa na anajua unaweza kuyafikia. Mwanafunzi aliachiwa uamuzi wa kuirudia insha au kuiacha. Miongoni mwa wanafunzi weusi, waliorudia walikuwa asilimia 17 kwenye kundi la kwanza, na zaidi ya asilimia 70 kwenye la pili. Idadi ya watoto ilikuwa ndogo, na darasa si ofisi. Lakini kinachonivutia ni kwamba masahihisho hayakulainishwa hata kidogo. Ilibadilika sababu ya kuyatoa.

Sharti lake ni kwamba iwe kweli. Ukimwambia mtu "unaweza" huku huna ushahidi wowote kwamba anaweza, atakujua, na mara ya pili hatakusikiliza. Taja ulichokiona.

Wala usidhani kila mrejesho husaidia. Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya tafiti za miaka mingi na kuzichambua kwa pamoja mwaka 1996, wakakuta kwamba katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo mrejesho ulishusha utendaji. Walieleza kwamba nguvu ya mrejesho hupungua kadiri unavyomtoa msikilizaji kwenye kazi na kumfanya ajifikirie nafsi yake. Hilo linawagusa mpole na mkali kwa pamoja. "Wewe ni mzembe" na "wewe ni kipaji" yote yanamtoa mtu kwenye ukurasa wa pili wa ripoti, ambako ndiko kosa lilipo.

Tarehe imepita, kazi haijaja

Hapa mpole husogeza tarehe bila kuuliza, mkali hukata jina la mtu bila kuuliza. Wote wawili wamekosa kitu kile kile: sababu. Mtu huchelewa kwa sababu hajui kazi inafanywaje, au anangoja kitu kutoka idara nyingine, au amepewa kazi tatu za haraka na mabosi watatu, au nyumbani kuna mambo, au hakutaka tu. Hizo ni hali tano na hakuna jibu moja linalozitosha. Wa kwanza anahitaji kufundishwa, wa pili anahitaji wewe upige simu kwenye idara ile, wa tatu anahitaji mtu wa kumpangia kipi kitangulie. Ni wa mwisho peke yake anayehitaji ukali, na uzoefu wangu ni kwamba ndiye wa nadra, ingawa ndiye anayefikiriwa kwanza.

Swali la "kwa nini umechelewa?" huleta visingizio hata kwa mtu mkweli. Swali linalonipa mwanga zaidi ni "ulijua lini kwamba utachelewa?" Jibu lake linakuonyesha mahali halisi pa kukaza. Tarehe inaweza kusogezwa kwa sababu nzuri. Wajibu wa kusema mapema hausogezwi. Anayekuja siku tano kabla na kusema "hii haitakamilika" anakupa nafasi ya kuongeza mtu, kupunguza kazi, au kumwandaa mteja. Anayekuja saa ya kukabidhi amekunyang'anya vyote vitatu. Basi mpokee wa kwanza kwa upole unaoonekana na wenzake, na mbane wa pili kwa kunyamaza kwake zaidi ya kuchelewa kwake. Ukiwafokea wote sawasawa, utakuwa umewafundisha kwamba kusema mapema hakuna faida.

Mtu amefiwa, anaumwa, anauguza

Hapa ndipo watu wazuri wanapokosea zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza, tofautisha haki na hisani. Likizo ya ugonjwa, ya uzazi au ya msiba iliyomo kwenye sheria au mkataba si zawadi yako. Kiongozi anayempa mtu haki yake kwa mikono miwili huku akitarajia ashukuriwe amefanya urasimu tu, tena kwa majigambo. Huruma inaanzia pale haki inapoishia: mtu amerudi kazini, siku za likizo zimekwisha, lakini kichwa hakijarudi.

Pale, njia mbili za kawaida ni hizi. Ya kwanza ni kumwachia kazi zote na kukubali zifanywe ovyo kwa muda. Inaonekana ya huruma kwa sababu haileti mazungumzo magumu. Lakini mtu yule anajua kwamba anafanya ovyo, anaona wenzake wanarekebisha nyuma yake, na juu ya majonzi aliyo nayo anaongezewa aibu. Ya pili ni kumwondolea miradi yake kimyakimya "ili apumzike". Nayo inaonekana ya huruma, ila umemwamulia. Wapo ambao kazi ndiyo mahali pekee panapowapa nafuu siku hizo, na kunyang'anywa mradi walioujenga kunawaumiza mara ya pili.

Njia ninayoipendelea ni kupunguza mzigo bila kushusha ubora, kwa kukubaliana naye. Mtu aliyekuwa na kazi tano abaki na mbili, azifanye kwa kiwango cha siku zote. Yeye ndiye achague zipi. Tatu zinazobaki zikabidhiwe kwa mtu mwenye jina, si kwa "timu", maana kazi ya timu nzima humwangukia yule yule asiyejua kukataa. Halafu wekeni tarehe ya kukaa tena, tuseme baada ya wiki tatu. Mpango usio na tarehe huwa na miisho miwili tu: ama unasahaulika na kugeuka desturi, ama unakatwa ghafla siku bosi anapochoka, na ghafla hiyo ndiyo inayokumbukwa kuliko wiki zote za wema.

Wenzake waambiwe nini? Waambiwe mgawanyo wa kazi na muda wake. Sababu ni mali ya mhusika. Akitaka kuisema, ataisema. Kutakuwa na mmoja atakayenung'unika, "Na mimi je?" Mjibu kwamba siku zake zikifika atatendewa vivyo hivyo, kisha siku zake zikifika ulikumbuke neno lako. Nimeona timu zikibeba mzigo wa mtu mmoja kwa muda mrefu bila kinyongo kwa sababu kila mmoja aliamini zamu yake ingeheshimiwa. Na nimeona timu zikivunjika kwa siku mbili za ruhusa zilizotolewa kwa kipenzi cha bosi.

Hodari mwenye mdomo mchafu

Hili ni fupi. Anauza kuliko wote, au anajua mfumo kuliko wote, na anawadhalilisha wenzake vikaoni. Mpole anasema "ndivyo alivyo, mzoeeni". Mkali anayetazama namba peke yake anasema vivyo hivyo, na ni moja ya mahali pachache wanapokubaliana. Namna ya kuishi na wenzako ni sehemu ya kiwango cha kazi. Mwite faraghani, mtajie kikao na maneno aliyoyasema, mwambie yasirudie. Muulize pia kinachomchemsha, maana mara nyingine kiko na kinatibika. Lakini kikiwepo au kisiwepo, maneno yasirudie.

Mgeni na mkongwe

Kwa mgeni, watu husema mwachie kwanza azoee. Mimi nasema samaki mkunje angali mbichi, kwa maana ya kwamba kiwango akione wiki ya kwanza, kupitia kazi halisi iliyofanywa vizuri na mtu mwingine. Kinacholegezwa kwake ni kasi, na idadi ya maswali anayoruhusiwa kuuliza haina mwisho. Mkongwe yuko kinyume: maelekezo mengi yanamtukana. Mpe lengo gumu na nafasi, na umuulize yeye akuelekeze. Hatari kwa mkongwe ni heshima kugeuka kinga, kwamba kazi yake haikaguliwi tena kwa sababu ya miaka yake. Ikaguliwe.

Miezi imepita, hakuna kilichobadilika

Ulifundisha, ulipunguza mzigo, uliuliza, mkaweka tarehe. Kazi bado haifikii. Mpole atampa nafasi nyingine, kisha nyingine, huku akimwandikia kwenye tathmini ya mwaka kwamba "anaridhisha". Mkali angekuwa ameshamfukuza mwezi wa pili.

Kosa kubwa la mpole hapa ni ile tathmini. Mtu aliyeandikiwa "anaridhisha" miaka mitatu mfululizo, kisha akapewa barua ya kusitishiwa ajira, ana haki ya kusema amedanganywa. Alipanga maisha yake juu ya karatasi uliyoitia sahihi. Kama kuna ukatili katika uongozi, naona huo unazidi kufoka.

Kwa hiyo ukweli usemwe mapema kuliko unavyopenda, kwa maandishi na kwa mfano: hiki ndicho kinachohitajika, hapa ndipo ulipo, huu ndio muda, huu ndio msaada nitakaoutoa, na hiki ndicho kitakachofuata ikishindikana. Neno la mwisho ndilo wapole hulimeza. Ikishindikana, fuata taratibu za ajira bila njia ya mkato, na hapo huruma irudi kwa nguvu zote katika namna ya kuachana: asiambiwe mbele za watu, apewe muda anaostahili, apewe barua ya utumishi inayotaja kwa ukweli alichokiweza. Uamuzi ni mkavu. Namna haihitaji kuwa hivyo.

Kujali bila kuzama

Kuna pingamizi ninalolisikia kwa viongozi wenye moyo: "Nikianza kusikiliza shida za watu wanane, nitaweza lini kudai kazi?" Ni pingamizi la kweli. Olga Klimecki, Tania Singer na wenzao, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2014, waliwafunza watu kuhisi maumivu ya wengine kama yao, kisha wakawafunza watu hao hao kuwatakia wengine mema na kutaka kuwasaidia. Mafunzo ya kwanza yaliwaongezea hisia za uchungu walipotazama video za watu wakiteseka. Ya pili yalizipunguza na kuleta hisia njema.

Kwa kiongozi, tofauti hiyo ina matumizi. Anayebeba uchungu wa kila mtu huishia kukwepa mazungumzo, au hutoa ruhusa ili yeye mwenyewe apumue. Ukichunguza ulegevu mwingi wa mabosi, utakuta anayehurumiwa ni bosi. Hakutaka kuona machozi. Anayetaka kusaidia huuliza swali lenye jibu la kutenda, "wiki hii ikupungukie nini?", na baada ya kulijibu anaweza kuendelea kudai kilichobaki.

Umepewa timu leo: uanze na lipi?

Ushauri wa siku nyingi ni kuanza mkali kisha ulegeze taratibu, kwa hoja kwamba kukaza baadaye ni kugumu. Hoja hiyo ina ukweli. Ukianza kwa kucheka na kila mtu na kukubali kila kitu, mwezi wa nne ukaanza kurudisha kazi, watu wataona umewageuka, na hawatakosea sana. Lakini kuanza mkali kuna bei yake: wiki za mwanzo ndizo unazohitaji kuambiwa kila kitu, na ndizo utakazofichwa kila kitu.

Mimi ningefanya mazungumzo ya aina mbili ndani ya wiki mbili za kwanza. Moja ni la kila mtu peke yake: unafanya nini, nini kinakukwamisha, nini kilijaribiwa kikashindikana, ni kazi gani hapa haina maana. Katika hilo usiahidi lolote, andika. La pili ni la wote: hivi ndivyo kazi nzuri inavyoonekana kwetu, na huu hapa mfano wake mezani. Viwe viwango vinavyohesabika. Edwin Locke na Gary Latham wamekusanya miongo ya tafiti zinazoonyesha kwamba lengo mahususi na gumu huleta kazi bora kuliko kumwambia mtu "fanya uwezavyo", mradi ana uwezo, amelikubali lengo, na anaona anavyokwenda. "Fanya uwezavyo" ni sentensi ya upole inayomwacha mtu akisie, na akikisia vibaya analaumiwa.

Ratiba ikikulazimisha kuchagua moja litangulie, tanguliza la mtu mmoja mmoja, lakini lisichelewe la pili kuja nyuma yake. Utakaposimama kutangaza viwango utakuwa tayari unajua ni programu ipi haifanyi kazi tangu mwaka jana, na nani hajawahi kufundishwa kuitumia.